Huduma za watoto wetu zianzie pale kwa chanjo

Kuna jambo limenikaa kooni kitambo na leo wacha nilitoe. Kila ukisikia wakubwa wanaongea juu ya kupanua huduma za watoto wadogo wenye ulemavu wa ukuaji, yaani hawa wetu wa CP (ubongo uliumia mapema, mwili hautii vizuri), wa usonji, wa hali ya Down, na wale tu wamechelewa kukaa ama kuongea na hakuna mtu ashawaambia ni nini, ukingoja mwisho wa hotuba unapata kupanua maanake ni jengo. Jumba moja kubwa, vigae, mashine za kutoka ng'ambo, na utepe wa kukatwa. Liko mahali utapanda mat mbili na mtoto mgongoni. Sina noma na majengo, yaliyopo yamesaidia wengi na mimi mwenyewe nimeketi kwa hizo benchi, lakini huduma ya mtoto wa miezi minane haiwezi kukaa mbali na mahali mtoto wa miezi minane yuko, na sote tunajua yuko wapi. Yuko kwa laini ya chanjo.

Kwa wenye wamenipata leo, mimi ni Mama Babuu, niko Kayole, nina kibanda cha M-Pesa, na kijana wangu wa kwanza ana mtindio wa ubongo, hiyo CP. Alizaliwa Agosti 2017, na wenye walizaa mwaka huo wanakumbuka. Madaktari walikuwa wamegoma siku mia hadi Machi, tukapumua kidogo, alafu Juni manesi nao wakagoma hadi Novemba. Kwa hivyo nilijifungua kwa kahospitali kadogo ka mtaa, kesho yake nikaenda nyumbani, na siku chache baadaye Babuu akaanza kuwa manjano. Macho kwanza, kisha kifua, kisha hadi nyayo. Nikaambiwa ni kawaida, nimwanike jua la asubuhi. Kweli watoto wengi wachanga hugeuka manjano kidogo na inaisha yenyewe, lakini kuna ile inapanda sana hadi inaingia kwa ubongo na kuuharibu, na hiyo haitaki jua la dirishani, inataka zile taa za bluu za hospitali na inataka haraka. Wakati tumefika hospitali kubwa alikuwa ashaacha kunyonya na mgongo unakunjika nyuma. Nasema haya kwa sababu kuna mama anasoma hii akiwa na kachanga kake ka wiki moja: akiwa manjano hadi miguuni, analala tu na hataki titi, usingoje asubuhi.

Sasa tuje kwa hesabu yangu. Mtoto wa Kenya anachanjwa akizaliwa, akifika wiki 6, wiki 10, wiki 14, anarudi miezi 6 kwa ile vitamini A, miezi 9 surua, miezi 18 surua tena. Na akina mama wa Nairobi huendanga, hata kama ni kubeba mtoto na mvua, manake hakuna mtu anataka kuulizwa na sista mbona kadi iko wazi. Ina maana kabla mtoto afikishe miaka miwili serikali imemshika mikononi mara kadhaa. Imemvua nguo, imemning'iniza kwa ule mzani kama nyama ya bucha, imeandika kilo, imemdunga, imemrudisha kwa mamake. Na ndani ya kile kitabu cha mama na mtoto kuna ukurasa wa hatua za ukuaji. Kutabasamu, kushika shingo, kugeukia sauti, kukaa, kusimama, kutembea, kusema maneno, na umri wa kila moja. Chukua cha mtoto wako saa hii ufungue. Cha Babuu ukurasa wa uzito umejaa nukta hadi zimeanza kufutika, na ukurasa wa hatua ni mweupe pe, kama siku ulitoka kwa printa.

Simlaumu sista. Anakuwa mmoja, foleni imetoka mlangoni imefika kwa geti, watoto wanalia wote kwa sauti moja, na akimaliza chanjo kuna fomu za kujaza. Hakuna mtu amemwambia akipata mtoto wa miezi 9 hajakaa amtume wapi. Na hapo ndipo kiini cha maneno kiko: hata akijaza ule ukurasa, akiona kasoro, atampeleka mtoto kwa nani? Hospitali kubwa ya mjini penye laini ya fizio inakungoja wiki hata miezi? Mtu akijua swali halina jibu, anaacha kuuliza, hata mimi ningeacha.

Na si ati ni mapema sana kujua. Mwaka wa 2017, mwaka uleule wa Babuu, wataalamu wa CP kutoka nchi kadhaa walichapisha mwongozo wakasema wazi CP inaweza kutambuliwa kabla ya miezi 6, badala ya ile kawaida ya kungoja mwaka mmoja au miwili. Wanaangalia vile kachanga kanatupa mikono na miguu kakiwa kamelala chali, wanaangalia shingo, macho, ngumi zisizofunguka, pamoja na historia ya kuzaliwa kwake. Sisi tulipewa jina la shida akiwa ashavuka mwaka na nusu. Kabla ya hapo ilikuwa ni "wavulana huchelewa", "hata babake alitembea akiwa mkubwa", na kuna shangazi mmoja wa kanisa alisema tumtafutie mtu wa kumwombea kwa sababu kuna jicho limemwangukia. Tulimwombea pia, kwani maombi hulipishwa? Shida ya maombi ni wakati yanakuwa sababu ya kungoja.

Wacha niseme kitu watu hawapendi kusema, hasa wale wa kuchangisha pesa. Kumwahi mtoto mapema hakuondoi CP. Babuu hajatembea na sidhani atatembea peke yake. Sasa mapema inasaidia nini? Inasaidia nyonga. Mtoto mwenye misuli imekaza, asipowekwa vizuri, mfupa wa paja unatoka polepole kwa nyonga yake, miguu inajifunga, na akifika miaka mitano unamvalisha suruali akilia. Inasaidia mapafu, nitaeleza. Inasaidia kuongea, ama kuonyesha kwa macho na mkono kama mdomo umekataa, kwa sababu ubongo wa mtoto mdogo bado unatafuta njia na ukipata mazoezi mapema unapata njia nyingi zaidi. Na inasaidia masikio! Hii wazazi wengi wanaipita. Mtoto haongei, kila mtu anaanza usonji, usonji, kumbe hasikii. Manjano kali kama ile ya Babuu inaweza kuharibu usikivu pia. Mtoto asiyeongea apimwe masikio kwanza kabla mambo mengine yote, na kumpima hakuhitaji hotuba ya mtu wa suti.

Sasa kuhusu mapafu. Tulipopata mtu wa OT mara ya kwanza, yaani mtaalamu wa kumsaidia mtoto na shughuli za kila siku kama kula na kukaa, kijana mmoja mpole wa kuvaa raba, mimi na mamangu tuliingia tukidhani atamshika Babuu amnyooshe amnyooshe kisha tulipe twende. Hakumshika. Alituambia, "Shosho, hebu mlishe nione." Mamangu akatoa uji kwa kikombe, akamlaza Babuu kwa mkono kichwa kimerudi nyuma, akaanza kumwagia pole pole vile amelisha watoto wake wote na wa majirani. Babuu anakohoa, anameza, anakohoa, macho yamejaa machozi. Jamaa hakusema ati unakosea. Akauliza tu, "Shosho, wewe ukinywa chai unaangalia dari?" Mamangu akacheka. Akamwonyesha: mtoto akae wima, mgongo umeshikwa, kidevu kiiname kidogo mbele, kijiko kije kutoka mbele na chini ndiyo kichwa kisirudi nyuma, uweke, ungoje amalize kumeza kabisa, ndio uongeze. Uji uwe mzito kidogo maanake mwepesi unakimbilia kwa koo ya hewa. Ni hivyo tu. Babuu alikuwa analazwa na nyumonia, anatoka, anarudi, kila mtu anasema ni baridi ya Nairobi. Kumbe uji ulikuwa unaingia kwa mapafu. Baada ya hapo nyumonia ilipungua hadi tukasahau jina la dawa.

Fikiria hiyo ilikuwa dakika kama ishirini za mtu anajua, na ingefanywa kwa benchi yoyote ya Kayole Babuu akiwa na miezi sita. Hakuna mashine hapo.

Siku hiyohiyo alituuliza tunambeba aje. Mimi nilikuwa nishaanza kumbeba mbele kama katoto kachanga, miguu imekusanyika pamoja, kwa sababu watu wa barabarani wanaangalia, na kwa leso mgongoni nilikuwa naona ni kama namuumiza. Jamaa akasema hapana, shosho arudishe leso. Mtoto mwenye miguu inajikunja kama mkasi akibebwa mgongoni miguu imepanuka huku na huku ya kiuno, hiyo yenyewe ni tiba, nyonga zinakaa penye zinatakiwa, na mikono inakuja mbele. Mamangu alitembea na hiyo habari mtaa mzima. Ati daktari amesema leso yake ni dawa.

Kiti nacho tulitengeneza wenyewe. Kuna ufundi ulianzia Zimbabwe wa kutengeneza viti vya watoto wa CP kwa makaratasi. Unachukua katoni, unakata, unabandika moja juu ya nyingine kwa gundi ya uji wa unga wa ngano, safu kwa safu hadi ni ngumu kama mbao, unaanika, unapaka rangi. Katoni nilitoa kwa duka la jumla Eastleigh, bure, mhindi wa hapo alidhani nauza. Tukafanya kiti cha kona, kile kinashika mabega yaje mbele, na kipande katikati ya miguu isijifunge, na meza ndogo mbele. Ilichukua muda kukauka maana ilikuwa Julai na mnajua Julai ya Nairobi. Babuu alipokaa pale mara ya kwanza aliona nyumba yetu kutoka kwa kimo cha mtu amekaa. Kabla ya hapo alikuwa anaiona akiwa amelala. Alishika kijiko akagonga meza hadi jirani akapiga ukuta.

Kuna kitu kingine kinaonyesha vile hawa watoto hawahesabiwi, na hapa sisemi kwa mafumbo. Agosti 2019 karani wa sensa alikuja kwa ploti yetu na ile tableti yake, binti mzuri tu wa adabu, akauliza kila kitu, redio, tivii, jiko, kuku. Akafika kwa ulemavu. Nikamwambia huyu ana shida, hatembei. Akauliza umri, nikasema miwili. Akasema basi pole mathe, hayo maswali ni ya kuanzia miaka 5. Akasonga mbele. Matokeo yalipotoka yakasema Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 2.2, kama watu laki tisa hivi, na hiyo namba kweli ni ya wenye miaka 5 kwenda juu. Wa chini ya hapo hawamo. Na ndio miaka yenye kila mtaalamu duniani anasema ni ya dhahabu. Watu walikokotoa 2018 wakapata watoto wa chini ya miaka 5 wenye ulemavu wa ukuaji duniani walikuwa karibu milioni 53 kwa mwaka wa 2016, na 95 kati ya kila 100 wako kwa nchi kama zetu. Sasa mtu wa bajeti wa kaunti pale City Hall akitaka kujua wangapi wako Kayole atafungua faili gani?

Alafu kuna swali la mwenye hizi huduma ni nani. Hii imenichukua muda kuielewa na nikaielewa kwa miguu. Kliniki na zahanati ni za kaunti, Katiba ya 2010 ndiyo ilisema hivyo, na shule za chekechea pia ni za kaunti. Lakini vile vituo vya kupima watoto kielimu, EARC, ni vya Wizara ya Elimu, serikali ya kitaifa. Vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na KISE, chuo cha elimu maalum pale Kasarani, ikafuata 1986 kufunza walimu, na wamefanya kazi kubwa sana, nchi nyingi za Afrika hazikuwa na kitu kama hicho. Ila ukiangalia kwa vitendo, wengi tunafika EARC mtoto akiwa wa kwenda shule. Darasa la watoto wa usonji lililoanzishwa City Primary pale Ngara 2003 nalo ni hivyo, ni shule, lazima mtoto afike umri. Kisha kadi ya ulemavu ni ya baraza la kitaifa, NCPWD, ambalo liko upande wa ulinzi wa jamii. Na pesa za Inua Jamii, ile elfu mbili kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkali, zina dawati lao. Kwa hivyo kutoka hospitali hadi chekechea, karibu miaka minne, mtoto yuko katikati ya ofisi hizo zote na kila moja inaamini yuko kwa ile nyingine. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitoka 2025 ikabadilisha ya 2003, na nimefurahi, lakini sheria haitakuja kukuuliza kama mtoto anashika shingo.

Watu wakitaka kunyamazisha mjadala wanasema, ah, hayo ni mambo ya Marekani. Sawa, twende Marekani. Kuna kamji kanaitwa Portage, huko Wisconsin. Mwaka wa 1969 walikuwa na shida ileile yetu: watoto wametawanyika mashambani, kituo kiko mbali, wazazi hawafiki. Hawakujenga jumba. Walichukua mwalimu, akawa anaenda nyumbani mara moja kwa wiki, anaketi na mama, wanachagua kitu kimoja cha kufanya wiki hiyo, labda kushika kikombe, mama anafanya kila siku, mwalimu anarudi wanaangalia. Wiki ijayo kitu kingine. Huo mtindo ukasambaa nchi nyingi. Sheria yao ya kuhudumia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 3 ilikuja baadaye, 1986, na leo ina kitu ninachokitamani kuliko mashine zao zote: mtoto akitajwa tu ati huenda ana shida, wana siku 45 kumpima na kukaa na familia kupanga atasaidiwa aje, na huduma zinatakiwa zimfuate mtoto kwao, nyumbani ama kwa dekea, pale watoto huachwa mchana. Siku 45! Sisi siku 45 ni ya kungoja mtu wa rekodi apate faili.

Basi nikaketi na kalamu. Nairobi ina kaunti ndogo 17 na wadi 85. Ukigawanya ni wadi tano tano kila mahali. Kwetu Embakasi Central ni Kayole Kaskazini, Kayole Kati, Kayole Kusini, Komarock na Matopeni. Wiki ya kazi ina siku ngapi? Tano. Timu moja ya watu wawili, fizio mmoja na OT mmoja, Jumatatu wadi hii, Jumanne ile, hadi Ijumaa, wanakaa palepale kwa kliniki siku ya chanjo, kona moja, mkeka mmoja. Timu 17, watu 34, na kila wadi ya Nairobi inaonwa mara moja kwa wiki. Vyumba viko, kuna hospitali ndogo ndogo zilijengwa mitaani kuanzia 2020 wakati wa NMS, ile ofisi ya kitaifa iliyokuwa inaendesha huduma za Nairobi, zingine dakika kumi kwa mguu kutoka kwa watu. Najua watu 34 ni mishahara, na ni nauli, na lazima mtu aende likizo. Lakini mnisaidie, ukilinganisha na jumba?

Na hao wawili hawatatosha, najua, msinirukie. Wataalamu wa usemi ndio wachache zaidi, ukimpata wa kibinafsi kikao kimoja kinakula faida ya kibanda changu ya siku kadhaa. Ndio maana sehemu kubwa ya kazi lazima ifanywe na watu wasio wataalamu wakiongozwa na mtaalamu. WHO wana mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji, yametengenezwa kusudi yaendeshwe na watu wa kawaida wenye wamefunzwa. Na vya kupimia si lazima vitoke ng'ambo, watafiti wa Kilifi walitengeneza kipimo chao cha watoto wa miezi 6 hadi 35 kinachotumia vitu mtoto wa hapa amezoea, kwa sababu ukimpa mtoto wa Ganze kidoli cha London na akikiangalia tu, umepima kidoli.

Tuna CHP pia, wale wahudumu wa afya ya jamii wa kutembea nyumba kwa nyumba, zaidi ya laki moja nchi nzima, walizinduliwa 2023 na mikoba yao. Kila mmoja anashika kama nyumba mia. Wetu anakujanga, anaitwa na kila mtu kwa jina, anapima shosho presha na sukari, anauliza choo na maji na chanjo. Anajua nani amejifungua kabla hata baba ya mtoto ajue. Ni yeye anafaa kuwa na maswali kama matano ya kuuliza kila kachanga, na nambari moja ya kupiga akipata jibu baya.

Lakini mwenye tumemsahau kabisa, na hapa niko tayari kubishana na yeyote, ni mama wa dekea. Yule wa chumba kimoja cha mabati, watoto kumi na kitu, godoro chini, sufuria ya uji. Yeye ndiye huona kwanza. Mimi nilikuwa na Babuu peke yake, ningejuaje mtoto wa miezi saba hufanya nini? Yeye ana wa miezi saba watatu kwa mkeka mmoja na anaona huyu hafanani na hawa. Huwa anasema pia, ila anasema kwa uoga, manake mama akikasirika anatoa mtoto na ile mia ya siku inaenda naye. Wengine wakishajua mtoto ana ulemavu wanamkataa, na siwatetei, ila pia hakuna mtu amewaonyesha vile ya kumlisha. Na mtoto akikataliwa dekea mama anaacha kazi. Hapo ndio umaskini huingia. Kwa grupu yetu ya WhatsApp ya wazazi nikiangalia, wengi walikuwa na kazi kabla, za viwandani, za saluni, mmoja alikuwa karani kwa wakili. Saa hii karibu sote tunauza kitu karibu na mlango wa nyumba.

Timu ikija wadi Jumanne, iende kwa dekea mbili alasiri. Imwonyeshe yule mama vile ya kukalisha, vile ya kulisha, imwachie kiti cha katoni. Mtoto anabaki, mama anarudi kazini, analipa SHA yake, ile bima ya afya, na kodi, kila mtu ako sawa.

Nauli sitaongea sana, mnaijua. Kayole hadi mjini, mjini hadi hospitali, konda anaangalia miguu ya mtoto anasema mathe huyo ni mkubwa lipia kiti, unalipia, wilichea inawekwa nyuma inalipiwa kama mzigo. Mvua ikinyesha bei inapanda mara mbili. Mtu akiruka vikao viwili anaandikwa kwa faili kuwa mzazi hana nia. Nilisoma hiyo kwa faili yangu, maandishi yakiwa kichwa chini upande wangu wa meza, nikanyamaza.

Sasa vile tunafanya. Kaunti lazima ipeleke ile karatasi ya mpango wa bajeti kwa bunge lake kufikia mwisho wa Februari, na kabla ya hapo wanatakiwa waite wananchi watoe maoni. Hutangazwa kwa gazeti na kwa mtandao wao, siku chache tu kabla, na mkutano huwekwa asubuhi ya siku ya kazi. Wengi wanaofika ni wa barabara na taa za mtaa, ndio maana tunapata barabara na taa za mtaa. Tumeandika barua ya ukurasa mmoja, hakuna maneno ya Katiba mengi, ni ile hesabu ya timu 17 na ombi moja dogo la kuanzia: kliniki moja ya chanjo kwa kila kaunti ndogo, siku moja kwa wiki, kwa mwaka mmoja, ukurasa wa hatua ujazwe kwa kila mtoto na majina ya wenye wamechelewa yaandikwe kwa daftari. Hata wakitunyima mengine yote, hilo daftari litakuwa na namba yenye sensa haikuwa nayo.

Mwenye anataka nakala aniandikie hapa chini nimtumie, mbadilishe jina la wadi mpeleke kwa MCA wenu. Na mkutano ukitangazwa nitaweka saa na mahali. Wa Kayole, Komarock na Matopeni tutachanga tukodishe mat moja ya kubeba viti vya magurudumu, nishaongea na dereva mmoja amekubali na konda ameambiwa mapema.